Neno la Mvua Ambalo Jasper Gichunge Alilinyamazia Merti

Jasper Gichunge Mutembei
9 Machi 1963 – 11 Novemba 2025

Jasper Gichunge Mutembei, ambaye leo tunamlaza kando ya nyumba aliyoijenga hapa Kiwanjani, Isiolo, alikuja duniani Jumamosi tarehe 9 Machi 1963, huko Kianjai, Tigania. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mutembei, mkulima wa miraa, na marehemu Mama Nkirote. Waliokua naye walimkumbuka kama mtoto wa adabu isiyo ya kawaida. Katika boma lao mdogo hakumkatiza mkubwa, hata mkubwa akikosea, na Jasper alilishika fundisho hilo kuliko ndugu zake wote. Kaka yake, Muthomi, husimulia kwamba siku moja baba yao, akiwa katikati ya hadithi mbele ya wageni, alirudi nyuma akae kwenye kigoda kilichokuwa na bakuli la uji wa moto. Jasper aliliona lile bakuli kabla baba hajakaa. Alipoulizwa kwa nini hakusema kitu, alijibu, "Baba alikuwa anaongea."

Alianza darasa la kwanza mwaka 1970 katika shule iliyokuwa karibu na nyumbani, kisha akaendelea na masomo ya upili katika shule ya bweni ya wavulana huko Meru, alikomaliza kidato cha sita mwaka 1982. Hapo ndipo mvua ilipomshika. Alikata mdomo wa mkebe wa mafuta ya kupikia, akauning'iniza nyuma ya bweni, na kila asubuhi alipima maji kwa rula yake ya hesabu. Mpishi wa shule aliuona mkebe ule, akaupenda, akaenda kuutilia chumvi. Jasper hakumdai. Alitafuta mwingine. Mwaka 1984 alichaguliwa kusomea kazi ya hali ya hewa jijini Nairobi, na alimaliza mafunzo akiwa miongoni mwa wanafunzi bora wa darasa lake.

Aliajiriwa mwaka 1985 na kuhamishiwa Isiolo mwaka 1988. Alikusudia kukaa miaka miwili, akakaa mpaka alipostaafu Machi 2023, na baada ya kustaafu hakurudi Kianjai. Kazi yake watu wengi waliijua kwa sehemu tu. Walimwona saa tatu asubuhi akiinamia kipimo cha mvua, wakadhani hiyo ndiyo kazi yote. Sehemu kubwa ilikuwa kutazama maji asiyoweza kuyaona. Alikuwa na ramani za joto la Bahari ya Hindi, nazo alizisoma kila wiki jinsi mama anavyoligusa paji la uso la mtoto mwenye homa.

Alipenda kueleza, na alieleza vizuri. Aliwaambia wafugaji kwamba ule upepo wa kusi unaowapiga vumbi machoni kuanzia Juni ndio huohuo unaopita baharini, ukabeba maji, ukaenda kuyamwaga India. Ukivuma kwa nguvu sana, unaikoroga bahari ya upande wa Somalia na kuleta juu maji baridi. Baadaye mwaka huwa ni zamu yetu. Bahari ya upande wetu ikiwa na joto, hewa inainuka huku, na mawingu yanakuja huku. Joto likihamia upande wa Indonesia, mawingu nayo yanahamia huko. Kisha upepo unaanza kuvuma kuelekea kule, unayasukuma maji yenye joto yazidi kwenda, na maji hayo yakifika yanauvuta upepo zaidi. "Upepo na bahari vinachocheana," alikuwa akisema. "Vikishakubaliana kukuacha, havikumbuki kwamba uko."

Mwaka 2004 alipelekwa Mombasa kwa warsha, akaiona bahari kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Alikunja suruali, akaingia mpaka magotini, akatia mkono majini. Mwenzake alimcheka: "Sasa unapima bila kipimo?" Jasper alijibu, "Naisalimia. Imekuwa ikinilisha kwa miaka mingi."

Tarehe 15 Desemba 1990 alifunga ndoa kanisani, hapa Isiolo, na Bi. Kananu, aliyekuwa akiuza viazi na ndizi sokoni. Walijaliwa watoto wawili, Mutembei na Nkirote. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya vicheko. Mama Kananu aliwaambia wageni bila kumwogopa mumewe, "Nimeolewa na mtu anayejua hali ya bahari ya Indonesia na hajui kama nguo zangu ziko kambani." Jasper alicheka pamoja nao, kisha akatoka kwenda kuanua nguo, ambazo mara nyingi zilikuwa zimeshalowa.

Katika maisha yake alikuwa na rafiki mmoja ambaye bila yeye wasifu huu haungekuwa wa kweli. Mwaka 1994, gari la kazi lilizama kwenye mchanga wa mto Ewaso Nyiro karibu na Merti. Mzee Molu Galgalo, mfugaji wa Kiborana, alimtoa Jasper pale, akamlaza kwake na kumnywesha maziwa mpaka lori la kuvuta gari lilipofika. Tangu siku hiyo Jasper alimwita jarsa, yaani mzee, na hakupita Merti bila kunywa chai kwake. Mzee Molu naye alikuwa mtu wa mvua kwa njia yake. Alisoma matumbo ya mbuzi aliyechinjwa: mishipa, rangi, na mahali palipojaa au kunywea. Hayo aliyarithi kwa baba yake, na watu wa Merti waliyategemea kuamua wapi pa kupeleka mifugo.

Kabla ya mvua za Oktoba palikuwa na mkutano ambao watu wa hali ya hewa, maofisa wa mifugo na wazee wanaosoma matumbo walikaa pamoja. Kila mmoja alisema alichoona, kisha wakakubaliana neno moja la kutangazwa redioni. Mwaka 2019 ramani za Jasper na mbuzi wa Mzee Molu walisema kitu kimoja: mvua kubwa, ondokeni kando ya mto. Mvua ilikuja kubwa. Wawili hao walishangiliwa Merti kama wachezaji waliorudi na kombe.

Ndipo ukaja mkutano wa Alhamisi tarehe 30 Septemba 2021, Merti. Yaliyotokea siku hiyo yameandikwa hapa kama Jasper mwenyewe alivyoagiza yaandikwe.

Mwaka huo bahari ilikuwa mbaya. Tangu Julai ramani zilionyesha joto likikusanyika upande wa Indonesia, na bahari ya mbali ya Pasifiki nayo ikiwa baridi. Jasper alifika Merti akijua, kwa kadiri mtu wa kazi yake anavyoweza kujua, kwamba mvua ingekuwa haba sana. Alianza kueleza. Sharamo, mtoto wa dada yake Mzee Molu, kijana wa maneno mengi, alimkatiza: "Mwalimu, sasa sisi tungoje samaki za Indonesia zituambie kama ng'ombe itakula?" Watu wakaangua kicheko, Jasper pia. Kisha Mzee Molu akachinja mbuzi wake mwenyewe, akayatandaza matumbo juu ya ngozi, akayatazama kwa muda mrefu.

"Hapa pamejaa," alisema. "Itachelewa, lakini itakuja. Msihame."

Mwenyekiti akamgeukia Jasper. "Bwana Jasper, wewe unasemaje? Tunataka neno moja."

Jasper alimtazama Mzee Molu, ambaye mikono yake ilikuwa bado na damu ya mbuzi, na nyuma yake wazee wakingoja. Aliona haya. Kumpinga mtu yule mbele ya watoto wa dada yake, katika mji wake, juu ya mbuzi wake, kulimshinda. Na alikiri kwamba kulikuwa na sababu nyingine isiyo nzuri kama heshima: alipenda kupendwa Merti, na hakutaka kuwa mgeni aliyeleta habari mbaya wakati mwenyeji ameleta nzuri.

"Nakubaliana na mzee," alisema. Kisha akachukua kalamu na kuandika kwamba mvua ingekuwa ya wastani, ingechelewa kidogo.

Wafugaji wengi hawakuhama. Mvua ya Oktoba haikuja, na ya Machi iliyofuata nayo haikuja. Walioamua kuondoka waliondoka na ng'ombe waliokwisha kudhoofika, nao wakafia njiani. Sharamo alipoteza karibu mifugo yote ya marehemu baba yake. Nyumba zilizokuwa zikikamua zikawa zinapanga foleni ya unga wa msaada.

Lawama ilimwangukia Mzee Molu. Watu walisahau ramani, wakakumbuka mbuzi. Sharamo ndiye aliyeanza kumwita "mzee wa matumbo matupu," na jina likakaa. Hakuna aliyemletea tena mbuzi wa kusoma, na mkutano uliofuata hakualikwa. Mzee Molu hakujitetea, kwa sababu yeye mwenyewe aliamini kwamba macho yake ndiyo yaliyowaua ng'ombe. Jasper aliendelea kupita Merti na kunywa chai kwake. Alilisikia lile jina likitamkwa nje ya ua, na hakusema kitu. Mama Kananu alishuhudia kwamba mumewe alikuwa akirudi kutoka safari hizo bila hamu ya kula, na akiulizwa, alisema barabara imemchosha. Hata siku ya kumuaga kazini, Machi 2023, alipopewa nafasi ya kuzungumza, alishukuru kila mtu na kukaa.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Madaktari wa hospitali moja huko Meru walisema moyo wake ulikuwa umepanuka. Alipewa dawa, akaambiwa apunguze chumvi na safari. Chumvi aliipunguza.

Jumapili tarehe 24 Agosti 2025 Mzee Molu alikuja kumtazama, amebeba kibuyu cha maziwa ya ngamia. Nkirote ndiye aliyemfungulia mlango, na mazungumzo yao aliyasikia alipokuwa akitenga chai.

"Salaam aleikum, Jaspa. Umekuwa mwembamba kama fito."

"Aleikum salaam, jarsa. Na wewe umezeeka."

"Mimi nilizaliwa mzee. Kunywa maziwa, uache maneno."

Walicheka. Kisha Jasper akasema, "Jarsa, ile siku ya mkutano..."

"Wacha hiyo. Hiyo ni makosa yangu. Nimekubali kitambo."

"Mimi nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua nini?"

"Kwamba hakuna mvua. Bahari ilikuwa imeonyesha tangu Julai."

Mzee Molu aliweka kikombe chini. "Na ukaandika wastani."

"Nilikuheshimu."

"Uliniheshimu?" Sauti yake haikupanda. "Jaspa, kama ungenipinga ningekasirika siku moja, pengine mbili. Halafu ningepeleka ng'ombe juu, Marsabit. Sasa wewe umeniheshimu, na mimi nimetukanwa miaka minne. Umekaa kwangu, umekunywa chai yangu, unasikia watoto wakiniita hiyo jina, unanyamaza. Hiyo ni heshima ya aina gani?"

Jasper alimwomba msamaha. Alimwomba akilia, jambo ambalo watoto wake hawakuwahi kuliona. Mzee Molu alisimama na kuchukua fimbo yake.

"Umeniambia ndani ya nyumba," alisema. "Mimi nilitukanwa nje, watu wakiwa wamejaa. Sema nje."

Akatoka bila kumaliza chai.

Mkutano wa mwaka huu ulipangwa kufanyika Kulamawe mwishoni mwa Septemba, na Jasper aliazimia kwenda kusema. Alivaa koti, akapanda gari la mwanawe Mutembei, lakini hawakuwa wametoka mjini pumzi ilipomkatika, wakaishia hospitalini. Baada ya hapo alirekodi ujumbe wa sauti kwenye simu, akamtumia Mzee Molu ili autume kwa watu. Mzee Molu alipiga simu na kukataa. "Hii mtu anasikiliza peke yake akiwa amelala," alisema. "Nataka watu wakae pamoja, wasikie, waangaliane."

Jasper aliweka simu chini, akamwambia Nkirote, "Basi kuna siku moja watu watakusanyika kwa ajili yangu, nitake nisitake."

Nkirote alielewa, akakataa. Alimwambia, "Baba, siwezi kusimama kwenye mazishi yako nikusemee mabaya."

"Utayasema mazuri kwanza. Yako machache, hayatachukua muda. Kisha useme hili, na usinipambe."

Wiki zake za mwisho zilikuwa ngumu. Bahari mwaka huu ilikuwa imegeuka tena jinsi ilivyogeuka mwaka ule, na Oktoba ilipita na vumbi. Kila aliyemtembelea alimuuliza habari za Merti kabla hajajibu habari za afya yake: je, wamehama mapema, nani amebaki, maji yako wapi. Alipoambiwa kwamba wengi walikuwa wameshahamisha mifugo, alifumba macho na kusema, "Afadhali." Padri alifika kumpaka mafuta tarehe 9 Novemba. Aliaga dunia Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Familia haikukubaliana mara moja kuhusu wasifu huu. Muthomi, kaka yake, alisema kwa uchungu, "Mazishi si baraza. Mtu akifa tunataja mema yake, tunamfunika." Maneno hayo yalikuwa ya upendo, na wengi waliyaunga mkono. Mama Kananu ndiye aliyewajibu: "Mema tumeyataja, na mimi ninayo mengine ya kutosha mwaka mzima. Hili lingine lina mwenyewe, naye yuko hai. Tukimfunika Jasper nalo, tutakuwa tumemzika mzee wa watu pamoja naye." Muthomi alikubali, akasema lisomwe, lakini lisomwe polepole, ili mtu asije akasema hakusikia.

Kwa hiyo linasomwa polepole. Mzee Molu Galgalo alisema alichokiona, kwa uaminifu, kama baba yake alivyomfundisha. Alikosea, kama hata wenye ramani wanavyokosea. Lakini mtu mmoja katika mkutano ule alikuwa ameona ukame unakuja, naye alikuwa Jasper Gichunge Mutembei. Kazi yake ilikuwa kusema, na alilipwa kwa kusema. Alinyamaza, akatia sahihi, na akamwachia rafiki yake mzigo wa ng'ombe wote waliokufa Merti. Jina la "mzee wa matumbo matupu" halikuwa la Molu. Jasper aliomba watu wa Merti wamsamehe, na waliopoteza mifugo wajue kwamba haikupita hata siku moja bila yeye kuikumbuka mizoga ile ya kando ya barabara.

Sharamo alikuja Kiwanjani juzi kutoa pole. Mama Kananu alimpa karatasi hizi azisome kabla hazijachapishwa. Alisoma amesimama mlangoni, akarudia ukurasa huu, kisha yule kijana wa maneno mengi akakaa chini kwenye ngazi. Hatimaye aliuliza, "Na mjomba anajua mtasoma hii?" Akaambiwa anajua. "Basi mimi nitasoma kwa Kiborana," alisema. "Mimi ndio nilimpa hiyo jina." Hivyo, baada ya wasifu huu, Sharamo atausoma wote kwa Kiborana, ili wazee waliotoka Merti wausikie kwa lugha yao.

Marehemu ameacha mjane, Mama Kananu, watoto wake, Mutembei na Nkirote, wajukuu, kaka yake, Muthomi, na dada zake wa Kianjai, na wapwa wengi. Ameacha pia ndugu aliyempata mchangani mwaka 1994, Mzee Molu Galgalo wa Merti, ambaye familia imemwandika hapa bila kumwomba ruhusa.

Mzee Molu alifika jana jioni na amelala kwa jamaa zake mjini. Alipoulizwa kama amemsamehe Jasper, alijibu, "Wacha watu wasikie kwanza. Nikiona wamesikia, nitamtilia mchanga kwa mikono yangu." Tunamwomba Mungu ampumzishe Jasper. Ile amani ambayo Mungu ameiacha mikononi mwa watu, tunaiomba kwenu.